Naomba ushauri: nimetafuta vimbunga vya kale kwenye tope la Ziwa Masoko, msimamizi kanirudishia andiko

Mwana wa Masoko

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi.

Niko mwaka wa tatu, nasoma jiografia hapa Mbeya, nyumbani Rungwe. Nimekwama kwenye andiko la utafiti.

Nilisoma jinsi Wamarekani wanavyovitafuta vimbunga vya zamani ambavyo hakuna aliyeviandika. Wanakwenda kwenye ziwa dogo lililo nyuma ya tuta la mchanga ufukweni. Siku zote ziwa hilo linakusanya tope laini jeusi, polepole. Kimbunga kikubwa kikija, bahari inaruka tuta na kumwaga mchanga ziwani. Kikipita, tope linaendelea kutua juu yake. Ukishindilia bomba chini ukalivuta, unaona tope, mchanga, tope, mchanga, kama ukindu wa mkeka wa rangi mbili. Ukipima umri wa tope la juu na la chini, unajua kimbunga kilipiga lini.

Nikajiuliza, mbona na sisi ziwa tunalo? Mwezi wa tisa mimi na binamu zangu tukaazima mtumbwi, tukashindilia bomba la plastiki la inchi tatu pembezoni mwa Masoko. Kwenye sentimita 60 tukakuta tabaka la chengachenga nyeusi, unene wa vidole viwili. Nilipiga kelele mpaka binamu akadhani nimepata zile hela zinazosemwa Mjerumani alizizamisha ziwani.

Msimamizi alisoma ukurasa wa kwanza, akaniuliza: "Bahari iliruka Milima ya Livingstone lini?" Akanirudishia karatasi zangu.

Nibadili ziwa, nibadili swali, au vyote? Nina wiki tano na bumu limeisha. Msinicheke sana.

Mnyalu wa Kalenga

Kamwene. Nacheka kidogo tu. Masoko iko mita mia nane na ushei juu ya bahari, na kutoka huko mpaka Lindi ni zaidi ya kilomita 600. Bahari ingefika hapo, sisi wa Iringa tungekuwa tunavua papa.

Mbishi wa Mbalizi

Mleta mada, vimbunga vya kale vya nini? Siku hizi kuna setilaiti, mamlaka ya hali ya hewa inatangaza, tunahama. Tafuta mada ya parachichi upate na kazi.

Mama Matope

Mwanangu Masoko, marahaba. Nimestaafu, lakini miaka mingi nimekaa maabara nikikata mabomba ya tope ya watu wengine, kwa hiyo nisikilize.

Kwanza nimjibu Mbishi. Setilaiti zina miaka sitini hivi tu. Pwani yetu ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, kikavunja meli za Sultani na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika, ndiyo maana karafuu zikahamia huko. Halafu Lindi, Aprili 1952. Miaka 80 kati yao. Halafu Hidaya, Mei 2024, kule Mafia. Sasa niambie, vimbunga vitatu vikubwa kwa miaka 150 ni vingi au ni vichache? Huwezi kujua kwa kumbukumbu fupi hivyo. Kule Alabama, Marekani, watafiti Liu na Fearn walichimba Ziwa Shelby la ufukweni, wakachapisha 1993 kwamba vimbunga vikali kabisa vilipiga hapo takribani mara moja kila miaka 600. Mtu anayejenga bandari anaihitaji namba ya namna hiyo, na kwenye setilaiti haipo.

Turudi kwako. Kosa lako ni moja: umechukua jibu la ziwa la pwani ukalivika ziwa la kreta. Ziwa huandika kile tu kinacholifikia. Masoko ni shimo la volkano, halina mto mkubwa unaoingia, kingo zake ni mteremko. Kinacholifikia ni vitu vitatu: vumbi na majivu kutoka angani, udongo unaoporomoka kutoka kingoni, na vijimea vyake lenyewe vinavyokufa na kuzama, hasa daiatomu. Wafaransa na Waingereza walishachimba hapo, na mwaka 2003 ikachapishwa kumbukumbu ya daiatomu ya takribani miaka 50,000. Inasimulia hali ya hewa na volkano. Ni ziwa maarufu duniani, na wewe umezaliwa kando yake.

Sasa lile tabaka lako. Usilipe jina kabla hujaliuliza. Chukua kijiko kimoja, osha, kausha kabisa juani, halafu mwaga kwenye glasi ya maji. Zikielea chenga nyepesi zenye matundu, hiyo ni pamisi, jiwe la povu la volkano. Kisha pitisha sumaku ya spika kuukuu, uone zinazonasa. Tazama kwenye hadubini ya chuo: vipande vya kioo vyenye ncha kali ni majivu, ukiona mizizi, majani na udongo mwekundu wa shamba, ni maporomoko ya kingoni.

Na zikielea, usikimbilie kuandika kwamba ni ule mlipuko mkubwa wa Rungwe wa miaka 4,000 iliyopita. Milima yenu imelipuka mara nyingi; Kyejo ilitoa lava mnamo 1800 hivi. Tena pembezoni mwa ziwa tope huteleza, kwa hiyo kina cha sentimita 60 peke yake hakikupi umri.

Kyela Mvua Mbili

Ndaga mama kwa maelezo. Naomba kuuliza: vimbunga vya Msumbiji si vinaleta mvua huku kwetu? Basi mafuriko ya Mto Kiwira na Songwe yangeandika vimbunga kwenye tope la Nyasa?

Mama Matope

Swali zuri, na ndipo wengi wanapojikwaa. Kimbunga kikiwa Mkondo wa Msumbiji kinaweza kutusukumia unyevu, na kinaweza kutunyang'anya pia. Inategemea kimesimama wapi. Na mvua za Tukuyu hazihitaji kimbunga. Kwa hiyo tabaka la mafuriko mdomoni mwa Kiwira ni historia ya mafuriko, nayo ni mada nzuri yenyewe. Usiiandike kwa jina la kimbunga.

Mlindi wa Makambako

Mimi ni Mmwera, biashara imenileta Makambako. Marehemu bibi alikuwa akihesabu umri wa watoto wake kwa kile kimbunga: huyu kabla ya upepo, yule baada. Alisema minazi ililala yote upande mmoja.

Mdogo wangu, njoo Lindi. Nyuma ya mikoko kuna mabwawa ya maji ya chumvi. Kama mchanga wa 1952 upo, utauona, na huo ndio utakuwa rula yako ya kupimia wa chini yake.

Mama Matope

Kaka wa Makambako amesema neno kubwa kuliko alivyodhani. Liu na Fearn walifanya hivyo hivyo: kimbunga Frederic cha 1979 kiliwaonyesha mchanga wa kimbunga unavyofika ziwani, wakalinganisha na matabaka ya zamani. Bila kimbunga unachokijua, huwezi kusoma usichokijua.

Ila Lindi nako kuna mitego. Kaa wa mikoko wanachimba, wanachanganya karne na karne. Tafuta bwawa lenye tope lisilo na mashimo. Mchanga unaweza pia kuletwa na tsunami: Pangani walikuta tabaka la tsunami la miaka 1,000 hivi iliyopita. Na bwawa likinyamaza miaka 300, haina maana vimbunga havikuwepo. Pengine vilipita mbali, pengine tuta lilikuwa refu wakati huo. Ndiyo maana wenzetu hawaamini shimo moja. Shimo la Buluu la Belize, shimo refu lililo baharini kule Amerika ya Kati, limetoa bomba la tope la mita 30 lenye miaka 5,700, na bado wanalilinganisha na Bahamas na kwingineko.

Kwa umri, matabaka ya karne hii na iliyopita hupimwa kwa elementi zenye mionzi: risasi-210 na sesiamu-137, hii ya pili ndiyo iliyotapakaa duniani kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia, kilele chake miaka ya 1960 mwanzoni. Ya zamani zaidi ni kaboni-14. Vyote ni hela, na wewe bumu limeisha. Kwa wiki tano, baki Masoko.

Fundi Visima, Mafinga

Dogo, bomba lilizama kiasi gani, na ndani lilikuwa na tope kiasi gani? Ukigonga nyundo tope linashindiliwa. Kama bomba limezama mita moja na ndani kuna sentimita 80, hiyo 60 yako si 60. Pima nje na ndani kabla hujavuta, kisha ziba juu kwa kizibo kisichopitisha hewa, la sivyo tope linabaki chini na wewe unavuta bomba tupu. Nasema kwa uzoefu wa aibu.

Mwana wa Masoko

Asanteni wote. Nimefanya jaribio la mama sebuleni. Chenga karibu nusu zimeelea, zina matundu kama sifongo. Sumaku imenasa nyeusi nyingi. Fundi, kwa bahati binamu aliweka alama: bomba lilizama sentimita 110, tope ndani 92.

Nimebadili kichwa kiwe utambuzi wa tabaka la volkano pembezoni mwa Ziwa Masoko. Msimamizi amesaini leo asubuhi. Alipouliza nani kanisaidia nikasema jamaa wa mtandaoni, akaguna.

Kaka wa Makambako, mwezi wa saba nakuja Lindi. Bomba la mita moja na nusu litapanda basi kweli, kupitia Tunduru na Songea?

Mlindi wa Makambako

Litapanda, nitaongea na konda. Ila usilifunge kwa shuka jeupe, abiria watashuka wote.

Mama Matope

Na lisilazwe kabla hujatoboa tundu dogo juu ya usawa wa tope, maji yatoke. Andika JUU kwa wino usiofutika, pande mbili.