Spika za rafu karibu na ukuta: tundu nyuma, tundu mbele au boksi lililozibwa?

Marumaru_Sinza: Wakuu, sebule ni mita 4 kwa 3.5, sakafu marumaru, kuta tofali za saruji, pazia jepesi. Wufa (spika ya besi) ni inchi 6.5. Nyuma ya boksi haipatikani zaidi ya sentimita 30. Nichukue ipi kati ya hizo tatu? Na saa 100 za kuzilegeza, yaani kuzipiga zikiwa mpya ili zilainike, ni lazima?

Koni: Iliyozibwa. Besi yake hushuka taratibu, desibeli 12 kwa oktava (kila hezi zinapopungua nusu), kwa hiyo ukuta unaijazia pale inapopungua. Yenye tundu, besi yake tayari imepandishwa na hewa ya tundu hilo. Ukuta ukiongeza, besi inavimba. Na tundu la mbele halikuokoi kama wauzaji wa Kariakoo wanavyopenda kusema. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa mita 4.3, linalizunguka boksi lote.

mama_wa_taarab: Koni, hapo unamfungia mwenzio milango, maana zilizozibwa ni chache sana madukani. Achukue ya tundu nyuma, alizibe kwa sponji au soksi iliyoviringishwa vizuri. Tabia yake inasogea karibu na ya boksi lililozibwa. Ikae kwa kubana, isije ikadumbukia ndani. Ila mkuu, kagua ukingo wa koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) kwanza: raba ndiyo yenyewe. Wa sponji kwa unyevu wa Dar hulika, siku moja unaugusa unabaki unga kidoleni.

Koni: Soksi naikubali.

Futi_Kamba: Mnabishania tundu, vipimo je? Pima kutoka usoni pa koni hadi ukutani, si kutoka mgongoni mwa boksi. Boksi la kina cha sentimita 30 ukiliacha 30 na ukuta, koni iko 60. Sauti inayorudi ukutani hufuta ile ya mbele kwenye hezi 143 hivi, panabaki shimo, sauti ya kiume inakonda. Ukilisogeza hadi 10, shimo linapanda kwenye hezi 215 hivi, ila besi inaongezeka, na hapo ndipo soksi inapofanya kazi. Umbali wa ukuta wa pembeni usilingane na wa nyuma, la sivyo mashimo mawili yanaangukia mahali pamoja.

Kochi nalo usiliegemeze ukutani. Urefu wa mita 4 unavuma kwenye hezi 43, na waya mnene wa gitaa la besi uko 41. Kwenye dansi utasikia noti moja inanguruma, nyingine zimenywea. Livute mbele kama mita 1.3. Twita (spika ndogo za sauti nyembamba) ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, na zulia zito litandikwe katikati.

mama_wa_taarab: Kuhusu kuzilegeza: kulegea kwenyewe huisha saa za mwanzo, zinazobaki ni masikio kuzoea. Acha moja kwenye katoni, nyingine ipige siku mbili, kisha zilinganishe kwa mono (sauti ileile kwa spika zote mbili), mahali palepale. Besi ikiwa kavu na mwimbaji hakai katikati, usisubiri saa 100, nyaya za spika moja zimegeuzwa. Chomoa waya kwenye amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5, chanya kwenye mwekundu: koni zote mbili ziruke nje. Gusa na kuachia, usishikilie.

Marumaru_Sinza: Basi tundu nyuma, ukingo wa raba, sentimita 10.

Koni: Na soksi mbili. Pima kipenyo cha tundu kabla hujaondoka dukani.