Mjadala: Hela ya maktaba inunue vitabu vya ufundi au ilipie intaneti?

Wakuu, heshima kwenu. Kijana wa Dar akitaka kujifunza kuandika programu za kompyuta anaambiwa, "Ingia mtandaoni, kila kitu bure." Mimi napinga. Hela ya umma ikipatikana, Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi ijaze rafu za vitabu vya ufundi kwanza.

Bure gani inayokula bando? Masomo ya video ni mlolongo, na ukikwama unarudia, data inayeyuka. Halafu mtandaoni hakuna anayekupangia. Leo unaanza lugha ya programu ya Python, kesho mtu anakwambia hamia nyingine, JavaScript, mwezi unaisha hujaandika hata programu ya kukokotoa chenji ya duka. Mwandishi wa kitabu alishaamua kipi kitangulie.

Mwanafunzi wa chuo, Ubungo:
Mkuu, umesahau umri wa vitabu vyenyewe. Python 3 ilitoka 2008, na Python 2 ikaachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Ukiokota Posta kitabu cha mtumba cha zama zile, kitakufundisha kuandika print, amri ya kuonyesha maandishi, bila mabano. Kompyuta inagoma, unajiona mjinga, kumbe kitabu ndicho kilichochacha. Nyaraka rasmi za Python ni bure, unazipakua zote mara moja, unasoma bila bando. Mtandao si video tu.

Fundi simu, Kariakoo:
Simu iliyotoka mwaka huu kitabu chake kiko wapi? Mchoro wa saketi nautafuta mtandaoni (na si yote ya bure, mingine tunachangishana kuilipia). Ila vijana wanaokuja kujifunza kwangu wameshiba video, ukimpa mita ya kupimia umeme hajui aanze kupima wapi. Anang'oa kipuri kizima kwa kubahatisha, hasara kwangu. Hilo kitabu cha fizikia cha sekondari kinalimaliza. Sheria ya Ohm, ile ya volti, mkondo na ukinzani, ni ya 1827, haijatoka toleo jipya.

Mleta mada:
Mkuu wa Ubungo, kupakua sawa, kwa kompyuta ya nani? Wengi wana simu tu, na kusoma msimbo kwenye kioo cha simu huku matangazo ya mikopo yanarukaruka ni adhabu.

Mwanafunzi wa chuo, Ubungo:
Basi maktaba iweke seva ya ndani, yaani kompyuta moja inayotunza masomo na kuyagawa kwa nyingine za humo. MIT OpenCourseWare, kwa mfano, yale masomo ya bure ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani, leseni yao inaruhusu kunakili masomo mradi hufanyii biashara. Unapakua mara moja, watu wanasoma kwenye kompyuta za pale pale bila bando.

Mleta mada:
Seva naikubali, lakini hela ya matengenezo itengwe siku ileile ya kununua. Maabara za kompyuta zilizofungwa kufuli, mashine zimefunikwa vitambaa, tunazijua. Kitabu hakiombi fundi.

Fundi simu, Kariakoo:
Fundi nipo, mkuu. Bei tutaelewana.