Dayodi ya asubuhi inasema -2.6%, chemba kwenye maji inasema -0.4%: nirekebishe linaki?

Uga10x10:
Wakuu, naomba ushauri. Linaki (mashine ya kutibu saratani kwa mionzi), fotoni 6 MV. Kifaa cha ukaguzi wa kila asubuhi, cha dayodi (kigunduzi kidogo cha silikoni), kimekuwa kikishuka polepole tangu kiwekewe kipimo rejea. Sasa kinaonyesha -2.6%. Chemba ya Farmer (kigunduzi chenye hewa ndani, kinachokusanya chaji) ya 0.6 cc ndani ya maji, kina cha sm 10, uga (eneo la miale) wa sm 10×10, inatoa -0.4%. Paneli ya vigunduzi (ya chemba ndogondogo) inatoa +1.3% dhidi ya mfumo wa kupanga tiba (programu inayokokotoa dozi). Na kwenye uga wa 2×2, Farmer ileile iko chini ya mfumo kwa zaidi ya 10%. Kazini kuna hoja kwamba tupandishe dozi ya mashine kwa 2% yaishe, maana kikomo cha kila siku ni 3% na tunakikaribia. Nimwamini nani?

KinaSm10:
Mkuu, mashine usiiguse kwanza. Kifaa cha asubuhi kazi yake ni kukuambia kama leo ni sawa na jana, hakikupi dozi halisi. Dayodi ya silikoni hupoteza usikivu kadiri inavyopigwa na mionzi: mwanzoni hushuka haraka, baadaye taratibu. Mshuko wa polepole unaoelekea upande mmoja tu, huku chemba imetulia, ndiyo sura yake hasa. Ukipandisha mashine kwa 2% utakuwa unafidia uchovu wa dayodi kwa dozi ya mgonjwa.

Ila Farmer nayo inaaminika iwapo masahihisho yake ni sahihi, na hapo ndipo wengi huanguka. Chemba iko wazi kwa hewa, kwa hiyo nyuzi 1 ya Selsiasi ni karibu 0.34% na kilopaskali 1 ni karibu 1%. Joto lipimwe ndani ya maji, si hewani, na maji yaachwe yazoee joto la chumba. Shinikizo liwe la hapo hapo chumbani. Ukichukua namba ya taarifa ya hali ya hewa, hiyo huwa imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari. Tuseme uko mita 1,200 hivi, barometa inasoma kPa 88.0, maji nyuzi 24. Kisahihishi (namba ya kuzidishia somo; rejea ni nyuzi 20 na kPa 101.325, joto likiwa kwa kelvini) ni (297.2/293.2) × (101.325/88.0) = 1.167. Ukiweka 101.6 ya kwenye taarifa unapata 1.011. Dozi itaonekana chini kwa 13%, na ukiirekebisha mashine kufuata hapo, kila mgonjwa anazidishiwa karibu 15%. Hesabu hii ifanywe kwa mkono walau mara moja na mtu wa pili, hata kama elektrometa (kifaa kinachosoma chaji ya chemba) inajifanyia yenyewe.

Mwanga_wa_Pembeni:
Hiyo ya 2×2 wala isikusumbue, Farmer haipaswi kuwa hapo. Sehemu yake inayokusanya chaji ina urefu wa karibu mm 24, na uga wako ni mm 20. Ncha zake ziko nje ya miale, kwa hiyo inakupa wastani wa kilele na kingo. Chukua dayodi isiyo na kinga ya metali au kigunduzi kidogo cha almasi, shina lielekee sawa na miale. Pima profaili mbili zinazokatana ili upate katikati halisi, kwa sababu kuteleza kwa mm 1 tu kunatosha kukuharibia kipimo. Kisha pitia uga wa kati: dayodi ipime 2×2 na 4×4, chemba ndogo ipime 4×4 na 10×10, zidisha uwiano hizo mbili. Mwisho weka kisahihishi cha kigunduzi chako kutoka TRS-483, mwongozo wa vipimo vya uga ndogo wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki (2017). Dayodi pekee usiifikishe hadi 10×10. Huko mionzi iliyotawanyika yenye nishati ndogo huifanya isome juu kuliko inavyostahili.

Uga10x10:
Asanteni sana. Na paneli? Gama (jaribio la kulinganisha dozi iliyopimwa na ya mpango) ya 3%/2 mm inapita, ila kwa tabu.

Mwanga_wa_Pembeni:
Iliwekewa kipimo lini, na ikiwa na joto gani? Chemba zake zikiwa wazi kwa hewa, kinachohusika ni joto la ndani ya paneli, na umeme wake huipasha. Ikisanifishwa ikiwa imeshapata moto, halafu ikapimiwa ikiwa baridi kwa nyuzi 4, itasoma juu kwa karibu 1.4%. Hiyo ndiyo +1.3% yako, au karibu yake. Iwashe nusu saa kabla, ipige dozi ya kuichangamsha, kisha isanifishe kwa uga wa 10×10 muda huohuo kabla ya kupima mipango. Kagua pia kama miale inayotoka chini inapita kwenye kitanda na kama mfumo wa kupanga unakijua kitanda hicho.

Strontiamu:
Naongezea, na hapa natofautiana kidogo na KinaSm10. Kusema "chemba imetulia" kunahitaji ushahidi ambao haukutoka kwenye linaki hiyohiyo. Linaki ikipanda 1% na chemba ikishuka 1%, utaona sifuri. Pima chemba kwa chanzo cha strontiamu-90 (hutoa mionzi chenyewe, bila linaki), au ilinganishe na chemba ya pili yenye cheti chake. Chanzo hicho nacho hufifia karibu 2.4% kwa mwaka. Usipoondoa mfifio huo utadhani chemba imekufa.

KinaSm10:
Kweli kabisa, hilo litangulie. Pima pia upotevu wa ioni (chaji zinazoungana tena kabla chemba haijazikusanya) kwa volti mbili, mfano 300 na 100. Uwiano wa somo ukiwa 1.006, kisahihishi ni takribani 1.003. Ukibadili volti, ipige mionzi kidogo na usubiri dakika kadhaa somo litulie, la sivyo utapima mtikisiko wa chemba yenyewe.

Uga10x10:
Na kipimo rejea kipya cha dayodi?

KinaSm10:
Siku hiyohiyo ya kipimo cha maji, mara tu baada yake, kabla mtu hajagusa chochote kwenye mashine. Andika tarehe na namba ya zamani pembeni. Mwelekeo wa miezi iliyopita usiufute, ndio utakaokuambia kama dayodi imeanza kuchoka kwa kasi na inahitaji kubadilishwa.