Mjadala: Mkesha wa Northern soul, DJ apige santuri halisi peke yake?

Mleta mada

Wakuu, naomba hili tulijadili bila kutukanana. Kwenye mabango mengi ya mikesha ya Northern soul huku Uingereza utakuta herufi tatu: OVO. Ni "Original Vinyl Only", maana yake DJ apige santuri za chapa ya kwanza tu, zilezile zilizotoka kiwandani Marekani miaka ya 60 na 70. Toleo la marudio hapana, CD hapana, laptop ndiyo usiitaje kabisa. Kuna watu wanaacha kucheza katikati ya wimbo wakishajua kinachozunguka pale juu kimechapwa mwaka juzi. Nauliza: sheria hii inamlinda nani?

Kwa wageni wa mambo haya, kwa kifupi. Northern soul ni soul ya Wamarekani weusi wa Detroit, Chicago na kwingineko, ile ya mwendo wa kasi yenye mdundo wa Motown (kampuni ya rekodi ya Detroit), na nyingi ya nyimbo hizo kwao hazikuuza. Vijana wa viwandani na migodini kaskazini mwa Uingereza ndio waliozipenda. Jina alilitoa Dave Godin, mwenye duka la Soul City, Covent Garden, London. Aliona mashabiki wa mpira kutoka kaskazini wakiingia dukani hawana habari na funk iliyokuwa inashika kasi, wanataka zile za nyuma kidogo. Mwaka 1970 akaliandika jina hilo kwenye jarida la Blues & Soul, likashika. Kumbi zikafuatana: Twisted Wheel ya Manchester, Torch kule Tunstall, Mecca ya Blackpool, na Wigan Casino iliyofunguliwa Septemba 1973 ikafungwa Desemba 1981. Wigan mkesha mzima baa haiuzi pombe (vidonge vilikuwepo, tusidanganyane), poda imemwagwa sakafuni ili kiatu kiteleze, bugaluu zinapepea. Na wazee wa Dar mtakumbuka, Novemba 1969 kwetu soul ilipigwa marufuku Dar es Salaam eti inaharibu vijana. Hiyo tuiache, ina mada yake.

Sasa hoja yangu. OVO inamheshimu mwenye santuri. Mwimbaji hayumo.

Tumchukue Frank Wilson. Mwaka 1965 alirekodi "Do I Love You (Indeed I Do)" kwa lebo ya Soul, tawi la Motown. Kabla haijaingia sokoni ikasimamishwa, nakala karibu zote zikaharibiwa, yeye akaendelea na kazi ya utunzi na uprodyuza. Zilizonusurika ni za kuhesabu kwa vidole. Mwaka 2009 moja iliuzwa pauni 25,742. Wilson alikuwa hai, amekuja kufariki 2012. Kisheria hakuna aliyedaiwa kumpa hata senti. Uingereza mchoraji ana haki ya mgao picha yake ikiuzwa tena kwa dalali, mwimbaji hana haki hiyo kwenye santuri. Toleo la marudio lililolipiwa leseni, hata kama linauzwa bei ya sahani ya chakula, angalau kila nakala inayochapwa mtunzi ana fungu lake. Halafu huyo anayepiga toleo hilo ndiye tunamwita asiye na heshima kwa muziki?

Naomba kuwasilisha.

Mdau wa Stoke

Mleta mada, hesabu zako safi ila hoja umeikwepa. Nani kakwambia OVO iliwekwa kwa ajili ya mgao? OVO ni kwa ajili ya DJ. Mwenye laptop ana nyimbo elfu kumi na hakuna hata moja aliyoitolea jasho. Matokeo yake tunayaona: unatoka Blackpool unaingia Stoke, Stoke unakwenda Leeds, nyimbo ni hamsini zilezile. Anayepiga za halisi hawezi kuwa na zote. Anapiga alizonazo. Kwa hiyo ukienda kumsikiliza yeye unasikia sanduku lake, ukienda kwa mwingine unasikia sanduku jingine.

Na huo ndio uliokuwa mchezo wenyewe tangu zamani. DJ akipata wimbo ambao wenzake hawana, anabandika karatasi nyeupe juu ya lebo, anaupa jina la uongo, wapinzani wanabaki kuutafuta mwaka mzima hewani. Bila ubishi ule nusu ya nyimbo tunazochezea leo zingeozea kwenye maghala ya Marekani. Ukiondoa ugumu wa kupata, umeondoa sababu ya mtu kutafuta.

Mdau asiye na upande

Nimekaa pale mbele kabisa, endeleeni.

Dada wa Leicester

Ndugu zangu, mie si DJ, mie mchezaji. Ninachotaka ni sakafu ya mbao na spika zisizokoroma. Lakini niseme hili kwa sababu naona mnaongea wanaume watupu, na hata pale jukwaani mara nyingi ni hivyohivyo.

Hii sheria imejenga ukuta wa hela. Binti wa miaka 22 anayepanga chumba, analipa nauli ya treni kuja mkeshani, ananunua maji usiku kucha, mnamwambia kama anataka kupiga muziki akanunue kwanza santuri ya pauni mia nane. Moja! Na anatakiwa awe nazo arobaini ili amalize saa yake. Wenye masanduku hayo ni kina nani? Ni wale walionunua kwa bei ya chipsi miaka ya 70. Hawakuwa hodari kuliko sisi, walitangulia kuzaliwa.

Mnalalamika ukumbi umejaa wazee wenye magoti mabovu. Vijana wanakuja, Bristol na London kusini wamejaa kabisa, wanazunguka na kujirusha chini kama wanaowaona kwenye video za Wigan. Wakifika mlangoni wanakutana na mkaguzi wa lebo.

Mdau wa Stoke

Dada, hakuna mkaguzi mlangoni, usitie chumvi. Na santuri nzuri za pauni tano, kumi, zipo tele. Shida ni kwamba kila anayeanza anataka kupiga zilezile kubwa. Anunue za bei chee ambazo hazipigwi, atengeneze jina lake. Hapo ndipo OVO inamsaidia asiye na hela kuliko mnavyodhani.

Mleta mada

Hapo kwenye za bei chee nakubaliana na wewe, nimewaona wenye vijisanduku vya namna hiyo wakiinua ukumbi. Lakini mkuu, usituletee historia iliyosafishwa. Huo wimbo wa Frank Wilson, Wigan walikuwa wanauchezea kwa jina gani? Eddie Foster. Na haikuishia kwenye karatasi nyeupe ya DJ. Zilichapwa nakala za magendo zenye jina la Eddie Foster kwenye lebo, watu wakanunua, wakacheza, wakatokwa jasho, na mwimbaji mwenyewe yuko Marekani hajui kitu. Wigan feki zilijaa kwenye meza za wauza santuri, na watu wa Blackpool Mecca waliwacheka kwa hilo. Zaidi ya hapo, DJ wa enzi zile walikuwa wanakwenda studio kukatiwa santuri za nakala moja kutoka kwenye santuri ya mwenzao. Hizo nazo zilipigwa mikeshani bila aibu. Kwa hiyo OVO ya kukaza namna hii si mila ya mababu, imekazwa baadaye, wakati bei zilipokwishapanda.

Halafu kuna fumbo la Kent. Kent Records, lebo ya Uingereza ya kutoa tena soul ya zamani, walianza 1982, na mmoja wa watu wao, Ady Croasdell, ndiye wa mikesha ya 100 Club, Oxford Street. Walichofanya ni kuingia kwenye maghala ya kanda za master, yaani kanda mama za studio, na kutoa nyimbo ambazo miaka ya 60 hazikuchapwa kabisa. Zilirekodiwa, zikawekwa kabatini, basi. Leo ni vipenzi vya sakafu. Wimbo kama huo chapa yake ya kwanza imetoka Uingereza miaka ishirini baada ya kurekodiwa. Mtu wa OVO anaupiga au haupigi?

Mzee wa Nairobi

Wadau, nimewasoma nikaona nichangie kidogo. Mimi nilipiga santuri kwenye mabaa ya hapa Nairobi kabla kaseti hazijatufukuza kazini.

Kuna jambo la ufundi ambalo hamjaligusa. Single nyingi za Marekani za miaka hiyo hazikuwa vinyl. Zilitengenezwa kwa stairini, plastiki ngumu inayomiminwa kwenye kalibu, kwa sababu ilikuwa rahisi na ya haraka. Ukiishika utaijua: nyepesi, ukingo wake umesimama, ukiigonga kwa ukucha inalia kama kifuniko cha chupa. Stairini haipendi sindano nzito. DJ anapotafuta mwanzo wa wimbo anairudisha nyuma na mbele kwa kidole, sindano ikiwa palepale, na kila akifanya hivyo anaikwangua. Baada ya muda sekunde zile za kwanza zinasikika kama mtu anakaanga vitunguu, na hakuna dawa. Kwa hivyo ukiwa na nakala ambayo duniani ziko mbili au tatu, na unaipeleka kwenye ukumbi wenye poda hewani, mimi sikuiti mwaminifu kwa muziki. Nakuuliza kama una akili timamu.

Jambo la pili ni la kwetu. Wanunuzi kutoka Ulaya nimewaona kwa macho yangu pale Tom Mboya Street, wakichambua maboksi ya single za benga na za rumba, wakizigeuza kwenye mwanga, wakiulizana kwa sauti ya chini. Nawaheshimu, wengine wanajua historia ya bendi zetu kuliko watoto wetu. Lakini santuri ikishavuka bahari imevuka. Mjukuu wa mpiga gitaa akitaka kusikia solo ya babu yake, atategemea toleo la marudio au faili mtandaoni. Ukimwambia apige ya halisi au anyamaze, umemnyamazisha. Na Tanzania ni hivyohivyo, dansi nyingi ilirekodiwa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) kwenye kanda, ni baadhi tu zilizofika kwenye santuri, na hizo zilichapwa hapa kwetu Nairobi.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Hilo la RTD limenigusa, kwa sababu ni fumbo la Kent lilelile kwa upande wetu.

Dada wa Leicester

Mzee kamaliza. Stairini nilikuwa siijui, kumbe ndiyo zile kelele za mwanzo ambazo watu wanaziita "utamu wa santuri".

Mdau wa Stoke

Mzee nakupa heshima zako, lakini DJ mzoefu ana sindano yake na anajua uzito wa kuweka. Na mimi nikisikia faili lililobanwa likipigwa kwenye spika kubwa, besi imenyauka, matoazi yanachoma sikio, naona afadhali vitunguu. Single zile zilikatwa kwa sauti ya juu makusudi, zipenye kwenye jukiboksi na redio ndogo. Ukiisikia kwa sauti kubwa ukumbini, ngoma inakupiga kifuani.

Mleta mada

Faili bovu silitetei hata mimi. Naomba nieleweke ninachotetea, maana naona nataka kuwekwa kundi moja na kila mwenye laptop. Mstari tunaupiga mahali pasipo pake. Tunauliza ni ya zamani au mpya, badala ya kuuliza imelipiwa au imeibwa. Sheria ya Uingereza iko wazi: tangu Novemba 2013 ulinzi wa rekodi umetoka miaka 50 kwenda 70, na zilizotoka kuanzia 1963 zimo. Rekodi iliyotoka 1965 inalindwa mpaka mwisho wa 2035. Anayechapa bila ruhusa leo ni mwizi, hata akiichapa kwa vinyl nzito na lebo iliyonakiliwa mpaka rangi. Kuna feki za namna hiyo zinapita mikeshani kwa sababu kwa mbali zinafanana na halisi, huku toleo la leseni linazomewa kwa kuwa lina nembo ya kampuni ya London.

Na kama usafi ndiyo hivyo tena, mwaka 2023 Northern soul ilipigwa Royal Albert Hall, London, kwenye Proms, tamasha la muziki wa classical, na okestra ya BBC, violini na kila kitu. Sikusikia aliyesimama kudai chapa ya kwanza.

Pendekezo langu kwa waandaaji: anayetaka OVO aweke, ukumbi ni wake. Lakini asiyeiweka aandike na yeye kwenye bango, "za halisi na za leseni, feki marufuku". Tuone wachezaji watakwenda wapi.

Mdau asiye na upande

Swali la mjinga. Mchezaji aliye katikati ya sakafu, anazunguka macho yamefumba, atajuaje?

Mdau wa Stoke

Atajua. Kuna mtu atamwambia.

Ila mleta mada, bango lako lina tundu. Ile Eddie Foster ya magendo ya miaka ya 70 ninayo. Nimeinunua kwa hela yangu, ina umri wa karibu miaka 50, na kuna watu wanaitafuta kwa sababu ndiyo yenyewe iliyochezewa enzi za Wigan. Chapa yake ya kwanza ndiyo hiyo, hakuna nyingine iliyoitangulia kwa jina hilo. Kwa sheria yangu mimi naipiga kifua mbele. Kwa yako ni mali ya wizi. Toleo la leseni la wimbo huo lilitoka 1979 kwa Tamla Motown, lebo ya Motown ya huku Uingereza, na hilo kwa sheria yangu siligusi. Sasa niambie, nikija kwenye mkesha wako nibebe ipi?