Tupeane uzoefu: sayansi ya kweli uliyoinasa ndani ya The Big Bang Theory

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. The Big Bang Theory, tamthilia ya vichekesho ya Marekani kuhusu kundi la wanasayansi marafiki, ilirushwa kuanzia 2007 hadi 2019, misimu 12, na wengi wetu tuliitazama tukisubiri tu Sheldon, yule mwanafizikia mwenye majivuno, amfukuze mtu kwenye kona yake ya kochi. Mimi pia. Siku moja nikagandisha picha ili nipokee simu, macho yakatua kwenye ule ubao mweupe, nikaanza kusoma. Simu ikaita mpaka ikakata.

Milinganyo ile si mapambo. Nyuma yake yupo David Saltzberg, mwanafizikia wa UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) ambaye kazi yake halisi ni kusaka nyutrino, chembe ndogo mno zisizo rahisi kunaswa, kwenye barafu ya Antaktika. Waandishi walikuwa wanaacha pengo kwenye mswada, yeye anajaza sayansi.

Iliyoninasa zaidi ni ule ugomvi wa mwanafizikia Leslie Winkle na Sheldon mwanzoni mwa msimu wa pili, mwaka 2008. Leslie anatetea nadharia ya vitanzi (anga lenyewe limesukwa kwa vitanzi vidogo mno), Sheldon ya nyuzi (maada imeundwa kwa nyuzi ndogo mno). Leslie anasema kama anga na wakati vimeundwa kwa vipande vidogo mno, basi mwanga wa rangi tofauti utatofautiana kidogo sana kwa kasi. Sheldon anaona upuuzi. Leonard, mpenzi wa Leslie na rafiki wa Sheldon, maskini, anajaribu kuwasuluhisha: watoto wake na Leslie wakikua watachagua wenyewe nadharia yao. Uchumba ukafa hapo hapo. Nilicheka kama kila mtu, kisha nikaenda kutafuta kama hoja ya Leslie ina mashiko.

Inayo, na inapimika. Mei 2009, miezi michache tu baada ya episodi ile, darubini ya angani ya Fermi ilinasa mlipuko wa miale ya gamma uliosafiri zaidi ya miaka bilioni 7 kutufikia. Chembe za mwanga zenye nishati zinazopishana sana zilifika zikiwa zimeachana kwa chini ya sekunde moja. Safari yote ile! Matokeo hayo yaliyabana vibaya mawazo ya aina ya hoja ya Leslie, ingawa hayakumpa Sheldon ushindi kuhusu nyuzi zake. Tangu hapo siitazami bila daftari pembeni.

Haya, shusheni yenu.

Mhandisi Mstaafu

Mkuu, kwangu ni ule usiku wa leza juu ya paa, msimu wa tatu, walipoumulika mwezi ili mwanga urudi kutoka kwenye kioo kilichoachwa kule. Nilikuwa naangalia na binti yangu. Zack, jamaa asiyejua sayansi, alipouliza watajuaje kama hawatalipua mwezi, binti akacheka, halafu akaniuliza swali lake: kile kioo kilichoko kule nani alikiweka?

Nikamweleza. Armstrong na Aldrin walikiacha Julai 1969. Ni paneli yenye vioo vidogo 100, kila kimoja kimechongwa kama kona ya chumba, kwa hiyo mwanga ukiingia unadunda na kurudi kule kule ulikotoka. Huhitaji mtu wa kukilenga upya, huhitaji umeme. Nikamwambia apige kofi nikiwasha tochi ya kujifanya, ahesabu moja, mbili, na nusu, apige tena. Hiyo ndiyo safari ya mwanga kwenda na kurudi, kama kilomita 384,000 kila upande. Aliirudia mpaka mama yake akatufukuza sebuleni. Ni kwa vipimo hivyo vya leza ndiyo tunajua mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Ila hapo waandishi wametia chumvi. Kituo cha Apache Point kule New Mexico kinatumia darubini yenye kioo cha mita 3.5 na bado fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazorudi ni za kuhesabu. Ule mnara safi wa grafu kwenye kompyuta kuonyesha mwanga umerudi, kwa vifaa vya paani? Siununui. Kanuni lakini ni ya kweli tupu.

Bundi wa Usiku

Mimi sayansi nilipiga chenga tangu shuleni, nipo kwa ajili ya utamaduni. Wale jamaa wanacheza Boggle, mchezo wa kuunda maneno, kwa Kiklingoni, lugha ya viumbe wa Star Trek, na nilidhani wanabwabwaja tu. Kumbe lugha ile ina sarufi na kamusi, kazi ya mwanaisimu Marc Okrand, kamusi ikatoka 1985. Nililala alfajiri nikisoma viambishi vya vitenzi vyake. Pia kuna nyuki wa Brazili aliyepewa jina Euglossa bazinga mwaka 2012, kutokana na "Bazinga!", neno la Sheldon anapomhadaa mtu, kwa sababu aliwahadaa wataalamu muda mrefu wakimdhania ni wa spishi nyingine. Nasubiri wajuzi waendelee.

Mpenda Namba

Mmeiacha 73? Fulana ya Sheldon ile!

Anasema ndiyo namba bora kuliko zote. Ni namba tasa ya 21. Igeuze upate 37, namba tasa ya 12, na 12 ni 21 iliyogeuzwa. Saba mara tatu ni 21. Ukiiandika kwa moja na sifuri inakuwa 1001001, isome upande wowote utakao. Na anayasema haya kwenye episodi ya 73 tangu tamthilia ianze.

Nikawa na ugonjwa: ndani ya basi, kwenye foleni, nawinda namba nyingine yenye tabia zile za utasa, kugeuka na kuzidisha kwa pamoja. Nyuma ya daftari langu la kazini kulijaa namba tupu. Mwaka 2019 wanahisabati Carl Pomerance na Chris Spicer wakathibitisha kuwa haipo, ni 73 peke yake. Baadaye vipande vya uthibitisho wao vikaonekana kwenye ubao ndani ya tamthilia yenyewe. Yaani utani umezaa hisabati, hisabati ikarudi kwenye utani.

Mama Maabara

Naipenda, ila niwe mkweli. Mimi ni mtu wa maabara, na misimu ya mwanzo iliniudhi. Ukimtoa Leslie, mwanamke kazi yake ilikuwa kutoelewa ili mwanaume aeleze. Nilishaacha kuitazama. Nikarudishwa na Bernadette na vijidudu vyake, kisha Amy. Nilipojua kuwa Mayim Bialik, anayemwigiza Amy, ana shahada ya uzamivu ya sayansi ya neva kutoka UCLA, aliyoipata 2007, nikaanza kumwangalia mikono anapochana ubongo. Anashika vifaa kama mtu aliyewahi kuvishika. Wenzangu kazini hawakuona. Mimi niliona.

Ticha

Natoka nje ya mada kidogo, mwanzisha mada unisamehe. Katuni ya The Simpsons, episodi ya 1998, baba wa familia Homer kaandika ubaoni: 3987 kipeo cha 12 jumlisha 4365 kipeo cha 12 ni sawa na 4472 kipeo cha 12. Mwanahisabati Fermat alidai hilo haliwezekani, yaani namba nzima mbili zikipandishwa kipeo kile kile kinachozidi 2 na kujumlishwa haziwezi kutoa namba nzima nyingine yenye kipeo hicho, na Andrew Wiles alishalithibitisha dai hilo miaka ya tisini. Huwa naliandika bila maelezo, nawaachia wanafunzi vikokotoo. Vya kawaida vya tarakimu kumi vinasema 4472 kamili. Darasa linalipuka!

Kisha nawaambia weka kikokotoo chini, jumlisha tarakimu. 3987 inagawanyika kwa 3. 4365 pia. 4472 haigawanyiki. Kwisha habari.

Raha yake ni kwamba mwandishi David X. Cohen alishaweka mtego kama huo 1995, na ule ulivunjika kirahisi zaidi: upande mmoja ulikuwa witiri, mwingine shufwa. Safari hii pande zote mbili ni shufwa.

Mpenda Namba

Ticha, kama ni The Simpsons, ile ya 2006 uwanjani umeiona? Skrini inawauliza watazamaji wakisie idadi yao: 8191, 8128 au 8208. Ya kwanza ni namba tasa ya Mersenne, 2 kipeo cha 13 toa moja. Ya pili ni namba kamilifu, vigawanyo vyake ukivijumlisha, ukiiacha yenyewe, vinairudisha. Ya tatu nawaachia: pandisha kila tarakimu kwa kipeo cha nne, jumlisha.

Mwanzisha mada

4096 + 16 + 0 + 4096. Ninyi watu! Haya, nje ya mada imeruhusiwa. Mwenye za katuni ya Futurama aje.