Mjadala: Shoga aje na bendera yake maandamanoni, au aiache nyumbani?

Wadau, hili limenikaa rohoni tangu Juni 2024. Tulipotoka kupinga Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza ushuru, tuliimba hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi. Pale katikati ya jiji, Nairobi, binti mmoja alikuwa akigawa maji na kuwaosha watu macho baada ya vitoa machozi. Mkononi kafunga kitambaa cha rangi za upinde wa mvua. Jamaa akanywa yale maji, akafuta mdomo, akamwambia, "Hiyo kitu ficha, utatuharibia." Binti akashusha mkono wa sweta. Mimi nilikuwa hapo na sikusema neno. Nani alikosea?

MZEE WA GIKOMBA: Jamaa hakukosea. Serikali ilikuwa inatafuta kisingizio. Picha moja tu ya bendera hiyo, na mahubiri ya Jumapili yangekuwa ya ushoga, si ya ushuru wa mkate. Kila jambo na wakati wake.

MSOMAJI TU: Wakati wao ni lini, mzee? Uingereza 1984 wachimba makaa waligoma dhidi ya serikali ya Waziri Mkuu Thatcher. Mashoga na wasagaji wa London wakazunguka na ndoo kuchangisha pesa, zikaenda bonde la Dulais, Wales. Hawakujificha hata kidogo, kikundi chenyewe kiliitwa Lesbians and Gays Support the Miners, yaani wasagaji na mashoga wanaunga mkono wachimba makaa. Mgomo ulishindwa Machi 1985, lakini Juni wachimba makaa walikuja London na bendera zao, wakatangulia mbele kwenye maandamano ya mashoga. Mwaka huohuo chama cha wafanyakazi cha wachimba makaa kikapigia kura ya kuunga mkono haki za mashoga kwenye mkutano wa chama cha siasa cha Labour. Wangekuja na ndoo bila jina, nani angewajua wa kuwalipa fadhila?

SINA JINA: Ndugu, Dulais si Nairobi. Kule sheria dhidi ya ushoga ilishalegezwa 1967. Hapa kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika kukataza ushoga, ni miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikiacha kilivyo Mei 2019. Mimi ni wa hao mnaowajadili. Nilienda, nikapiga kelele hadi sauti ikakauka, kitambaa nikakiacha kitandani kwa kuogopa kamera. Huo ulikuwa uamuzi wangu. Jamaa wa maji atafungwa badala yangu?

Mwanzisha mada: Kuna kitu nilisahau kusema. Yule jamaa alirudi kuomba maji tena. Akapewa.