Fundi kala elfu 40 yangu ya "kila mfumo na diski yake", nimechomoa diski moja na Windows nayo ikagoma kuwaka

Wakuu nina hasira hapa hata chai sijanywa. Na kama humu kuna fundi anayefanya huu mchezo aache leo leo.

Mashine yangu ni desktop ya i5 kizazi cha 4, Windows 11 rasmi haiikubali, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025. Kwa hiyo mambo ya intaneti nafanyia Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ipo kwenye HDD ya zamani ya GB 500, ila programu ya mahesabu ya duka la mke wangu inataka Windows tu. Nikanunua SSD, diski mpya ya kuwekea Windows, nikampelekea fundi, nikamwambia tena si mara moja, hii HDD imechoka, siku ikifa nataka Windows iwake yenyewe bila kuitegemea. Akasema mzee hiyo kazi ndogo, elfu 40, pitia jioni.

Jioni nikapitia, kweli inawaka, unabonyeza F12 unachagua unayotaka. Nikalipa.

Juzi HDD ikaanza kugonga tk tk tk, nikazima, nikafungua kava nikachomoa waya zake maana picha za watoto bado zimo humo na sitaki ife kabla sijazihamisha. Nawasha: kioo cheusi, "No bootable device". BIOS, ile programu ya ubao inayoamka kabla ya Windows, inaiona SSD kwa jina lake kabisa lakini haiwaki! Nampigia fundi ananijibu SSD yako feki hiyo, ilete tuipige Windows upya, elfu 30. Kuipiga upya maana yake mahesabu ya duka ya miezi minne yote yafutwe, na anayasema hayo hajagusa hata skrubu moja.

Nikarudisha HDD, ikawaka. Nikafungua Disk Management ya Windows, inayoonyesha diski na vipande vyake, nikaona kwa macho yangu, SSD ina C lakini haina hata kipande cha EFI (ndicho chenye faili za kuwashia), EFI ipo kwenye HDD ya Ubuntu. Windows ukiipiga huku diski nyingine yenye EFI imechomekwa, faili zake za kuwashia inazipeleka kule kule, hata kama C umeiweka diski mpya. Yaani alichotakiwa kufanya ni kuchomoa waya mmoja wa HDD kabla hajaanza, akimaliza aurudishe. WAYA MMOJA. Na hilo ndo nilimlipia!

Nimerekebisha mwenyewe usiku: nimepunguza C kwa MB 300, nikaingia diskpart, programu ya Windows ya kugawa diski, nikachagua SSD (hapa angalia namba ya diski mara mbili, ukikosea umejimaliza), nikatengeneza patisheni ya EFI, nikaifomati FAT32, nikaipa herufi S, halafu amri ya kunakili faili za kuwashia, bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Nikazima, nikachomoa HDD, Windows ikawaka yenyewe. Haikuzidi nusu saa.

Na kingine, kila nikitoka Ubuntu kuingia Windows saa inakuwa nyuma masaa 3, risiti za duka zinatoka na muda wa uongo. Huyo huyo akaniuzia betri ya BIOS. Betri haikuwa na shida yoyote, Ubuntu inaihesabu saa ya ubao wa mashine kama ya UTC (saa ya kimataifa) na Windows inaihesabu kama ya hapa, sisi tuko UTC+3, ndo hayo masaa 3. Amri moja tu upande wa Ubuntu, timedatectl set-local-rtc 1, imekwisha.

Mliopigiwa mifumo miwili namna hii fungueni Disk Management sasa hivi muone EFI yenu imekaa diski ipi, msingoje ianze kugonga kama yangu. Mimi kesho asubuhi nabeba mashine mpaka kwake, naichomoa HDD mbele ya wateja wake aone SSD "feki" inavyowaka, na elfu 40 yangu naitaka pamoja na hela ya betri.